Nani Alisema Ahsante?

Viza alikuwa bado amesimama juu ya benchi, mkono mmoja hewani kama sanamu, akipokea pongezi za kijiwe kizima kwa wema alioutenda, wakati simu ya Antena ilipoonyesha ni wema wa namna gani.

Benchi lenyewe lilikuwa ubao wa kitanda uliolazwa juu ya matofali manne na kuegemezwa kwenye ukuta mrefu wa klabu ya gofu, pale barabara inapopinda. Upande huu wa ukuta palikuwa na jiko la mkaa la Shangazi na birika lake la kahawa, meza ya Viza ya kuchonga funguo, cherehani ya Wakili chini ya mwavuli uliokwisha kupoteza mbavu mbili, na kisanduku cha kioo ambamo Antena hufungua simu za watu na mara chache huzifunga. Upande wa pili palikuwa na nyasi zilizonyolewa kuliko kidevu cha bwana harusi na, kwa siku nne zile, mashindano makubwa kuliko yote ambayo mji ule uliwahi kupewa. Hakuna mtu wa benchi aliyekuwa na tiketi. Walikuwa na masikio, na walikuwa na simu ya Antena, ambayo picha yake ilichelewa dakika nzima. Kwa hiyo pale kijiweni kila jambo lilitokea mara mbili. Kwanza lilikuja kama makofi juu ya ukuta, halafu likaja kama habari kiganjani mwa Antena, na katikati ya hayo mawili palikuwa na dakika moja ya kubishana.

Basi turudi nyuma hiyo dakika moja.

Viza alikuwa anasimulia. Jina hilo alipewa kwa sababu aliendesha lori kuvuka mipaka saba kwa miaka ishirini na mmoja, mpaka mgongo ukakataa kiti. Kati yao wote ni yeye pekee aliyewahi kuingia kwenye mashindano ya gofu, nchi za watu huko. Ukweli, ambao aliujua yeye na Mungu wake, ni kwamba alipeleka shehena ya vyoo vya kuhamishika, akauona mkwaju mmoja tu kutoka juu ya paa la lori, kisha akafukuzwa. Lakini hadithi ilikuwa na miaka mingi sasa, na kila mwaka choo kimoja kilidondoka njiani.

— Nimesimama hivi, kamba iko hapa, alisema Viza. Mpigaji yuko pale, kama kutoka mimi hadi kwenye birika. Akanigeukia. Akaniuliza kwa macho, upepo unatoka wapi?

— Juzi alikuuliza kwa mdomo, alisema Wakili bila kuinua uso kutoka kwenye suruali aliyokuwa akiipinda. Wakili hakuwa wakili. Alikuwa fundi cherehani aliyewahi kufagia mahakama kwa miaka minne, na sheria zilimwingia kupitia ufagio.

— Kwanza kwa macho, halafu kwa mdomo. Mtu hawezi kufanya mambo mawili?

Hapo kitu cheupe kikaruka ukuta, kikadunda lami, kikagonga ndoo ya Shangazi, ngwaa, kikabiringika kurudi benchini na kutulia kwenye ncha ya kiatu cha Viza.

Viza hakufikiri hata kidogo. Mtaa ule ulikuwa na shule nyuma ya kiwanda cha matofali, na tangu apange pale alikuwa amerudisha mipira ya kila aina juu ya kila ukuta. Mpira wa watu ukikuangukia, unaurudisha. Aliuokota, akaufuta vumbi kwa kile kitambaa chake cha rangi ya chungwa cha kufutia funguo, akapanda benchi na kupaza sauti:

— Haya, mpira wenu huu! Shikeni!

Akaurusha kwa mkono uliozoea kufunga turubai za lori. Ukaenda juu, ukapotea. Kutoka upande wa pili, karibu kabisa na ukuta, sauti ikajibu:

— Ahsante!

— Karibu tena! alisema Viza.

Antena na Wakili wakampigia makofi. Hata Shangazi, aliyekuwa anachochea mkaa, akagonga kijiko kwenye birika mara moja. Na hapo ndipo simu ikafika.

— Shimo la kumi na nne, alisoma Antena, akiishika simu kama trei. Miwani anapiga. Nyamazeni. Amepiga... unaenda kushoto... jamani, unaenda kushoto sana... umetoka! Umeruka ukuta! Miwani ametoka nje!

Kijiwe kililipuka. Wakili aliacha suruali ya watu ikaanguka chini. Lazima ieleweke kwamba mashindano yale yalikuwa na wachezaji sabini na wawili, lakini kwa benchi lile yalikuwa na wawili tu. Alikuwepo Miwani, bingwa wa mara tatu, mtu mwenye miwani minene na mkono mwepesi. Na alikuwepo Kimya, mtoto wa marehemu kaka yake Shangazi, ambaye Shangazi alimchukua akiwa na miaka mitano na kumlea kwa kahawa ile ile waliyokuwa wanakunywa. Kimya alikuwa anaongoza kwa mkwaju mmoja. Wawili hao walikuwa wanacheza pamoja, bega kwa bega, kundi la mwisho. Mpira wa Miwani ukitoka nje, anaadhibiwa na kupiga upya, na Kimya anaondoka naye mbali.

— Shangazi! alipiga kelele Antena. Weka birika chini, tutacheza!

— Siweki kitu, alisema Shangazi, lakini mkono wake ulikuwa umekwenda kifuani.

— Haya, anaangalia... anatembea... Antena akaisogeza simu machoni. Ngoja. Hii ni nini?

Wote wakainama. Kwenye kioo cha simu, ukuta ulionekana kwa mbali, na juu ya ukuta kitu kidogo cha rangi ya chungwa kilipepea mara mbili. Kisha mpira mweupe ukashuka kutoka angani taratibu, kama umetumwa, ukatua kwenye nyasi fupi safi.

Mtangazaji alikuwa karibu kulia kwa furaha. Bahati iliyoje, alisema. Mpira umegonga kichwa cha ukuta na kurudi uwanjani, na ndege mmoja wa rangi ya chungwa ameshtuka.

Antena akageuka polepole kumtazama ndege. Ndege alikuwa bado yuko juu ya benchi, kitambaa mkononi.

— Shuka, alisema Wakili.

Viza akashuka.

— Mpira ulikuwa wa nani? aliuliza Shangazi.

Antena akaishusha simu, akasema:

— Wa Miwani, Shangazi.

Shangazi akaitikia kwa kichwa, akachukua kikombe kilichokwisha kuoshwa, akaanza kukiosha.

Mengine yalikuja kwa makofi na yalikuja vibaya. Makofi marefu, yale ya kushuka kama mvua ya ghafla, yalikuwa ya Miwani: alipiga ule mpira uliofutwa vumbi ukaenda kulala miguuni pa bendera. Kisha ikaja ile sauti ya watu wengi kuvuta pumzi kwa pamoja, na benchi zima likajua, dakika moja kabla ya simu, kwamba hiyo ni ya Kimya. Mpira wake na yeye ulikuwa umetangulia kwenda kushoto, vichakani chini ya ukuta huo huo, ila ndani, na alipoteza mkwaju kuutoa huko. Aliingia shimo la kumi na nne akiwa mbele kwa mmoja. Alitoka akiwa nyuma kwa mmoja.

Viza alikaa kwenye meza yake ya funguo akashika tupa, akaanza kuchonga ufunguo ambao haukuwa na kitasa. Miaka sita alikuwa amekunywa kahawa ya mwanamke yule. Alipougua mgongo, ni yeye aliyempelekea uji, na ni huyo Kimya, akiwa bado hana jina, aliyembeba ngazi zote za hospitali bila kusema neno. Leo huyo kijana anapata nafasi ambayo mtu anaipata mara moja, na nani anampiga ngwala? Shabiki wake namba moja, kwa heshima na taadhima.

— Kisheria, alisema Wakili, akiokota suruali, hujafanya kosa. Umerudisha mali kwa mwenyewe. Ungekaa nao ungekuwa mwizi.

— Mwizi angemsaidia Kimya kuliko mimi.

— Hilo ni suala lingine, halimo kwenye shauri hili.

— Twende tukaseme, alisema Viza. Nitasema ni mimi. Watampa adhabu yake.

Antena akacheka bila furaha.

— Utasema kwa nani? Mpira wa Miwani umerushwa kutoka benchi la shangazi yake Kimya, na anayetoa habari ni mteja wa shangazi yake Kimya. Hata mimi nisingekuamini, na mimi nilikuwepo.

— Sasa tukae kimya?

— Kuna jambo moja mmelisahau, alisema Wakili, akainua sindano kama karani anayemwita shahidi. Kuna mtu alisema ahsante.

Kweli. Kwenye kihoro chote kile walikuwa wamelisahau. Mtu wa upande wa pili alisikia, akashukuru. Kwa hiyo upande wa pili kuna mtu anayejua kwamba mpira ule haukugonga kichwa cha ukuta wowote.

— Ni Miwani mwenyewe, alisema Antena papo hapo. Ile sauti ilikuwa ya puani. Mtu wa miwani minene lazima aongee puani, fremu inambana hapa.

— Miwani alikuwa mbali, amesimama alipopigia. Tumemwona.

— Tumemwona dakika moja baadaye! Dakika moja mtu anafika popote.

— Basi ni mbeba mfuko wake, alisema Viza. Mbeba mfuko hutangulia. Nilipokuwa kule nchi za watu, wabeba mifuko...

— Kule acha. Leo tuko hapa, alisema Wakili.

Hilo lilimchoma Viza, lakini leo hakuwa na haki ya kuchomwa.

— Mimi nasema ni yule anayeshika ubao wa kuwaambia watu wanyamaze, aliendelea Wakili.

— Anayeshika ubao wa kunyamaza anaweza kusema?

— Ndiyo maana alisema neno moja tu. Angesema mawili angefukuzwa kazi.

Antena akatafakari hilo kwa heshima, kisha akalipita.

— Sikilizeni. Pale kuna kamera. Kwenye kamera kuna mtu. Mtu huyo ametoka mbali, hajui lugha yetu. Ukienda nchi ya watu neno la kwanza kujifunza ni lipi?

— Choo kiko wapi, alisema Viza, ambaye kwa mara ya kwanza siku hiyo alizungumza kwa ujuzi.

— La pili!

— Ahsante.

— Umeona? Hajui alichoambiwa. Amesikia sauti ya mtu mzima, akasema neno pekee alilonalo. Kwa hiyo hajui kama alijua. Hiyo kesi haina shahidi.

— Au ni mwangwi, alisema Wakili, ambaye hakupenda mwingine atoe hukumu. Ukuta ule ni mrefu. Viza amepiga kelele, sauti imekwenda, imerudi.

— Nilisema shikeni. Irudi ahsante?

— Imekwenda mbali, imebadilika njiani. Wewe mwenyewe ulikwenda na vyoo ukarudi na...

Wakili akajikatiza. Antena akageuza uso kutazama barabara. Viza akamkodolea macho fundi cherehani.

— Nani alikwambia habari za vyoo?

— Utingo wako wa zamani alikuja kushona koti, alisema Wakili kwa upole. Mwaka juzi. Tunajua wote. Endelea na tupa yako.

Kuna aibu inayouma, na kuna aibu inayopita kama basi lililojaa kwa sababu kituoni tayari umesimama na nyingine kubwa zaidi. Viza aliiacha hiyo ipite.

— Na Kimya? alisema. Kimya na yeye alikuwa vichakani pale.

Wakacheka, hata yeye mwenyewe akacheka kidogo. Kimya! Kijana ambaye alipoingia kundi la mwisho mtangazaji alimuuliza maswali manane akapata kutikisa kichwa mara nane.

— Kimya akikanyagwa na lori anasubiri lipite, alisema Antena. Tena, Shangazi, ungemsikia yeye ungemjua.

— Nani anataka kahawa? aliuliza Shangazi.

Walitaka wote. Aliwamiminia wote, na cha Viza akakijaza mpaka ukingoni kama siku zote, bila pungufu hata tone. Ndicho kilichomnyanyua Viza. Angepewa nusu kikombe angevumilia. Aliacha kahawa ikifuka moshi mezani, akavuka kona, akafuata ukuta hadi kwenye lango la klabu.

Mlinzi wa lango alikuwa na redio ya mkononi na kiti cha plastiki.

— Kitambulisho?

— Sina. Nimekuja kujishtaki.

— Kujishtaki ni lango la nyuma, alisema mlinzi, aliyezoea wauza mboga.

Viza akamweleza. Alimweleza kwa ufupi, jambo ambalo hakuwa na mazoezi nalo, na mara mbili ulimi ulitaka kuongeza chumvi akaurudisha. Shimo la kumi na nne. Mpira ulitua barabarani, ukasimama. Mimi niliuokota. Mimi niliurusha. Kuna mtu akasema ahsante. Basi.

Mlinzi akaminya kitufe cha redio na kuyasema yale yale, neno kwa neno, kwa mtu asiyeonekana. Redio ikakoroma. Mlinzi akasikiliza.

— Wanasema urudi ulikotoka, ukae hapo hapo.

Aliporudi benchini, Kimya na Miwani walikuwa shimo la kumi na nane. Mashimo matatu ya katikati walikuwa wamekwenda sawa, mkwaju kwa mkwaju, na sasa hata barabara ilionekana kushusha sauti. Kisha makofi yakaja juu ya ukuta, marefu, ya kusimama, ya kofia kurushwa.

Hawakuhitaji simu, lakini walitazama tu, kama mtu anavyosoma barua ambayo tayari ameambiwa kilichomo. Walimwona Kimya akitumbukiza mpira wake kutoka mbali. Walimwona Miwani akitumbukiza wake kutoka karibu. Mmoja tu. Mkwaju mmoja, na ni wa Miwani. Kimya akavua kofia, akampa mwenzake mkono, akatikisa kichwa.

— Amekonda, alisema Shangazi, akitazama juu ya bega la Antena. Hawampi chakula huko.

Viza alitaka ardhi ipasuke.

Mwanamke mwenye kofia nyeupe alipotokea konani, kitambulisho kikining'inia shingoni na daftari dogo mkononi, hakuna aliyemdhania kuwa mteja. Alikuja kwa hatua za haraka za mtu mwenye saa. Akawasalimia vizuri, wakamwitikia.

— Mimi ni mwamuzi. Nani amekuja langoni?

— Mimi, mama, alisema Viza, akasimama.

— Mpira ulikuwa umesimama ulipouokota?

— Ulisimama. Hapa, kwenye kiatu. Nikaufuta...

— Uliufuta?

— Ulikuwa na vumbi.

Mwamuzi akaandika, na kona ya mdomo wake ikacheza kidogo.

— Sikilizeni, alisema. Wachezaji wako chumbani, hawajatia sahihi kadi zao. Nina dakika kumi. Yule mchezaji amesema aliukuta mpira kwenye nyasi akaamini uligonga ukuta, kama kila mtu alivyoamini. Kama yeye na mbeba mfuko wake hawakujua, na walishaanza shimo lililofuata, hesabu yake inabaki, amekuwa bingwa. Kama alijua umerushwa kutoka nje akanyamaza akaucheza, anaondolewa, na kombe linakwenda kwa wa pili.

Wa pili. Neno hilo lilikaa pale kati yao kama mgeni aliyekaribishwa kiti. Wakili alishika pindo la suruali kwa mikono miwili.

— Mlinzi anasema kuna mtu alijibu, mwamuzi aliendelea. Alisema ahsante. Nani alisema ahsante?

Swali dogo namna hiyo. Walikuwa nalo mchana kutwa, walikuwa wamelipa majibu matano, kila moja na miguu yake na mkia wake. Sasa mtu mwenye kalamu analiuliza, na majibu yote yamekimbia. Wakili akatazama cherehani. Antena akatazama simu, ambayo kwa mara ya kwanza haikuwa na habari.

— Mnaweza kusema hamjui, alisema mwamuzi.

Viza alimtazama Shangazi. Alikuwa amewapa mgongo, anapanga vikombe, na shingo yake ilikuwa imenyooka vile inavyonyooka shingo ya mtu anayesikiliza. Viza alifikiria ngazi za hospitali. Alifikiria kile kikombe kilichojazwa mpaka ukingoni. Jina moja tu lingetosha. Sauti ya puani, angesema, ya mtu wa miwani, nami niliisikia karibu kabisa. Antena angeapa. Wakili angetafuta kifungu. Miaka yote hii amedanganya kwa ajili ya kunogesha kahawa. Leo angedanganya mara moja kwa ajili ya kusaidia, na kila kitu kingerudi mahali pake, na Miwani ana makombe matatu nyumbani, la nne ataliweka wapi?

Alimgeukia mwamuzi.

— Ilikuwa sauti ya..., alisema Viza, na mwamuzi akaweka kalamu kwenye karatasi. Ya puani hivi. Kama ya yule mwenye...

— Usimsingizie mtoto wa watu, alisema Shangazi bila kugeuka. Aliyesema ahsante ni mwanangu Kimya, sauti yake naijua. Kamuulize, mama, hatakataa.